Aliyewatia Kiswahili Majambazi wa Taiwan

Kwanza mwoneni Placide akiwa kazini, maana huko ndiko anakoshinda. Amesimama mlangoni mwa duka la vyombo vya nyumbani kule Cyrildene, mtaa wa Wachina ulio chini ya kilima cha Observatory. Amevaa sweta la bluu la kampuni ya ulinzi, na kiunoni ana rungu ambalo hajawahi kumgusa nalo mtu. Mteja akiingia, Placide anasema, "Morning, boss." Akitoka anasema, "Sharp, boss." Hayo ndiyo maneno yake ya kutwa. Ungempita pale mlangoni ungedhani Mungu alimnyima ulimi.

Jioni anapanda taksi kurudi Yeoville. Simu ikilia anaitazama tu, halafu anaizima, hata kama ni mkewe, hata kama ni mdogo wake. Ndani ya taksi ya Johannesburg, ukiipokea simu kwa Kiswahili, vichwa vinageuka. Mara nyingi vinageuka na kurudi vilivyokuwa. Lakini iko siku kimoja kitageuka na kuuliza wewe ni wa wapi, na swali hilo Placide aliwahi kulijibu mara moja, mwaka aliofika, na jino alilolipoteza siku ile hakulipata tena. Kwa hiyo anakaa kimya, mtu mzima na mvi zake, mikono mapajani kama mtoto aliyekemewa.

Sasa mwoneni Jumapili. Nyuma ya mgahawa mmoja wa Yeoville, wanapouza fufu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu, kulikuwa na chumba kirefu kilichowahi kuwa stoo. Ibada ikiisha, wanaume walikuja moja kwa moja na suti zao za kanisani: Wakongo wa Bukavu na Uvira, Warundi, Watanzania, Mkenya mmoja mmoja. Walikaa kwenye viti vya plastiki wakitazama shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Placide alikaa kando ya projekta, kipaza sauti mkononi. Kule ukutani jambazi wa Taiwan mwenye joka mgongoni alifungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Placide, Kiswahili cha Bukavu kilichonyooka, chenye methali na matusi yake mahali pake. Majina ya filamu hakuyajali. Aliwabatiza majambazi wale upya, majina ya kwao Bushi, pande za Bukavu, mmoja Bisimwa, mwingine Cubaka, na watu wakawapenda kama binamu zao.

Kwa Kiingereza alisoma yale maandishi ya chini ya picha, akayatafuna haraka, akayatema yakiwa yetu. Ndiyo ilikuwa kazi. Na kila mtafsiri wa filamu anajua kwamba ukiyatema kama yalivyo, watu hulala. Lazima utie chumvi. Placide alikuwa na mkono mzuri wa chumvi, na vijana wakamwita vieux, yaani mkubwa, wakimpisha mlangoni.

Filamu zenyewe alipewa na tajiri wake, Mzee Chiu, mwenye duka. Mzee huyo alikuja Afrika Kusini zamani, enzi Wataiwan walipokuwa wakifungua viwanda, akazeekea huku. Siku moja alimkuta Placide mlangoni anatazama simu.

"Unaangalia nini?"

"Kung fu, boss."

"Kung fu ni ya watalii," alisema Mzee Chiu, akaingia ndani, akarudi na boksi la diski. "Hizi ni za kwetu."

Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo duka lilikuwa tupu, akavuta kiti. Akamweleza kwamba alipokuwa mtoto, mwanafunzi aliyesema lugha ya mama yake shuleni alivishwa kibao shingoni ili wenzake wamcheke. Lugha ya serikali ilikuwa ya mwalimu, ya polisi, ya redio. Yao ikabaki jikoni na sokoni, lugha ya kuonea haya.

"Halafu nikawa kijana," alisema, "nikaenda sinema. Mwanaume anaingia, watu wote wanasimama. Anafungua mdomo, anaongea kama baba yangu. Jambazi, ndiyo. Lakini anaongea kama baba yangu, na hakuna anayemcheka."

"Na sisi tulivishwa, boss," alisema Placide. "Kwetu ilikuwa kwa ajili ya Kifaransa."

Mteja akaingia na Placide akasema, "Morning, boss."

Lakini maneno yale aliondoka nayo. Aliwaza vijana wa Yeoville ambao kutwa nzima wanaminya lugha yao kooni. Aliwaza mdogo wake Pitchou, kinyozi, aliyekuwa akimwambia mteja "eita, my bra", salamu ya vijana wa huku, kwa sauti nyembamba isiyo yake. Akajisemea: waone angalau Jumapili moja mwanaume anayeogopwa akisema Kiswahili.

Huyo Pitchou, sikilizeni, Placide hakuwa kaka yake tu. Baba yao alikufa Pitchou akiwa bado anabebwa, na mama hakukawia kumfuata. Placide ndiye aliyemlea, akamtangulia Johannesburg, akamwita. Pitchou akafika, akajifunza kunyoa, akamwoa Jeannine, msusi kutoka Uvira, wakafungua chumba cha kinyozi Jules Street, upande wa Malvern. Jumapili alikaa kiti cha mbele. Kaka yake alipoongea kwenye kipaza sauti, midomo ya Pitchou ilicheza naye bila sauti, kama muumini anayemfuata padri.

Sasa kulikuwa na filamu moja waliyoiita "ile ya soko la samaki". Bisimwa ni jambazi mkubwa, Cubaka ni mdogo wake wa tumbo moja. Mwishoni wamebanwa sokoni, maadui wanaingia na mapanga marefu. Bisimwa anamshika mdogo wake kola, anamtikisa, anamwambia neno. Cubaka anatikisa kichwa, anabaki, na wote wawili wanaanguka kati ya mabeseni ya samaki.

Mara ya kwanza, mwaka 2016, Placide alisoma maandishi akayasema yalivyo: "Kimbia, mdogo wangu. Nenda kwa mama. Nimeishi vibaya ili wewe uishi."

Vuai, Mzanzibari aliyekuwa akiuza mikanda na soksi, akacheka kwa sauti toka nyuma.

"Alaa, jambazi gani huyu, bwana? Anamwambia mdogo wake akimbie? Huyo si jambazi, huyo bibi yake."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Watu wakacheka mpaka Cubaka alipokatwa panga, wakacheka hata pale. Pitchou hakucheka. Aliinamisha kichwa kwa ajili ya kaka yake. Placide aliona kichwa kile kikiinama, na kilimchoma kuliko kicheko.

Ilipoombwa tena baada ya miezi, Placide alikuwa amejiandaa. Bisimwa alipomshika mdogo wake kola, Placide alishusha pumzi, akasema polepole:

"Cubaka. Mgongo wa mwanaume, adui hauoni."

Cubaka kule ukutani akatikisa kichwa, na sasa kutikisa kule kukawa na maana nyingine, kama kiapo. Alipobaki, chumba kilisimama. Wanaume wazima na suti zao walisimama wakipiga viti chini, na Vuai alikuwa wa kwanza. Pitchou aligeuka nyuma kuwatazama watu, uso unang'aa, kama anayesema: huyo ni kaka yangu.

Yale ya mara ya kwanza wakayahesabu kuwa kosa la kutafsiri, na neno hili jipya likatoka chumbani likaingia mitaani. Vijana walisalimiana kwalo. Mmoja akisema, "Mgongo wa mwanaume," mwenzake anajibu, "Adui hauoni." Pitchou aliliandika kwa rangi nyekundu juu ya kioo chake cha kunyolea, na wateja wa Kizulu wakiuliza maana yake, aliwaeleza kwa fahari kwamba ni maneno ya wazee wa kwao.

Jeannine peke yake hakuvutiwa. Siku moja Placide alipokuja kula kwao, alimwuliza, "Shemeji, hao wanaume wako wa ukutani wanakula saa ngapi? Sijawahi kuona wakipika."

"Wanakula heshima," alijibu Placide, na Pitchou akacheka.

"Basi nitawatuma kwenu. Hapa heshima imejaa, fufu ndiyo imekwisha."

Mzee Chiu naye aliuliza, sehemu gani watu wa Placide wanaipenda zaidi. Placide akamwambia soko la samaki.

"Mimi hulia pale," alisema mzee. "Kaka amefanya uovu wote ule ili mdogo wake asiufanye. Anamwomba kitu kimoja tu maishani, akimbie. Naye anamnyima."

"Na sisi tunalia, boss," alisema Placide, akatoka kusimama mlangoni mwake.

Ikaja Septemba 2019. Jumapili ile filamu haikuonyeshwa, maana mji ulikuwa umeanza kuwaka upande wa Jeppestown, watu wakivamia maduka ya wageni, na Jumatatu asubuhi simu zilijaa picha za moshi na maduka yaliyopasuliwa. Mzee Chiu aliteremsha chuma cha duka, akamwambia Placide aende nyumbani. Placide hakwenda nyumbani. Alishuka kwa miguu kuelekea Malvern, sweta la kazi amelivua na kulikunja kwapani, na kila aliyekutana naye alikuwa akija upande wa pili, mbiombio, na mizigo.

Jules Street ilikuwa imefungwa karibu yote. Chumba cha Pitchou kilikuwa wazi. Vuai amekaa kwenye kiti, kitambaa shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado. Jeannine alikuwa ameshaondoka na watoto wao tangu alfajiri, kwa rafiki yake Newtown.

"Fungeni," alisema Placide. "Wako kwenye robot ya pili, pale kwenye taa za barabarani. Nimewasikia wakiimba."

Vuai aliruka kutoka kitini na kitambaa chake. "Mimi naondoka na nusu kichwa, bwana. Nusu nyingine nitaidai mbinguni." Mlangoni akageuka. "Vieux, mchukue mdogo wako."

"Nipo naye," alisema Placide, na Vuai akaondoka akiamini hivyo.

Pitchou hakuwa na haraka. Alifuta mashine yake ya kunyolea kwa brashi, akaiweka kwenye droo. Akachukua bomba la chuma la pazia, akaliegemeza ukutani.

"Kaka, nenda. Mimi nabaki na duka langu."

"Duka ni vioo viwili na kiti. Twende."

"Mwaka 2015 walikuja, nikakimbia. Nilirudi nikakuta hata soketi wameng'oa ukutani. Nikaanza upya. Mwaka huu nikikimbia tena, Jeannine ataniona mwanaume wa aina gani? Wewe mwenyewe utaniona nani?" Akaonyesha kwa kidole juu ya kioo.

Placide aliyatazama maandishi yale mekundu. Nyimbo zilikuwa zimekaribia, filimbi zikisikika kati yake.

"Pitchou, nisikilize. Maneno hayo hayamo kwenye filamu."

"Ati nini?"

"Bisimwa hasemi hivyo. Anamwambia mdogo wake akimbie. Anamwomba. Siku ile ya kwanza nilisema kweli, watu wakacheka. Ndipo nikatunga. Ni mimi niliyetunga, Pitchou, kwa sababu Vuai alinicheka."

Alidhani amelitoa jiwe, na kwamba njia sasa ni nyeupe. Mdogo wake akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la upole kabisa.

"Kaka, kwani mimi nilikuwa nasikiliza Mchina? Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Placide alimshika kola. Alimvuta kwa nguvu zake zote za ulinzi, akamfikisha mlango wa nyuma, na Pitchou, aliyekuwa kijana kuliko yeye na mwenye mabega, akajinasua, akamsukuma nje uani, akarudi ndani. Mlango ule wa nyuma hakuufunga. Hilo ndilo Placide alilokuja kulikumbuka kila siku: haukufungwa. Aliweza kurudi. Alisikia kioo cha mbele kikishuka, akasikia sauti ya mdogo wake ikisema kitu kwa Kiswahili, kwa sauti nene, sauti yake halisi ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia. Aliinua mguu mmoja kuelekea mlangoni. Halafu mwili wake ukageuka wenyewe. Akapanda pipa, akaruka ukuta, suruali ikachanika, akaangukia kwenye yadi ya matairi mabovu, akajikunja kati ya matairi huku amejiziba masikio.

Kulipotulia alirudi kwa njia ile ile. Kiti kilikuwa kimekwenda, droo imekwenda, kioo ni vipande. Pitchou alikuwa sakafuni, anapumua. Mkono wake wa kulia walikuwa wameuweka juu ya kizingiti na kuupiga kwa bomba lile lile. Placide alimpakata, damu ikalilowesha shati lake, na hivyo ndivyo Vuai na wenzake walivyowakuta waliporudi kutazama: kaka na mdogo, wote damu tupu, wote nguo zimechanika, duka limevunjwa. Nani angeuliza zaidi? Kabla gari la wagonjwa halijafika, habari ilikuwa imeshafika Yeoville kwamba wana wa mama mmoja walisimama wawili Jules Street dhidi ya mtaa mzima.

Hospitali walimwokoa Pitchou, mkono hawakuuokoa. Vidole vilibaki mahali pake lakini havikufumba tena. Placide alikwenda kumwona kila alipotoka kazini. Kwa siku nyingi hawakuongea ila habari za chakula na dawa. Wageni walijaa. Vijana waliingia wodini kwa heshima kama wanaoingia kanisani, wakamshika Pitchou bega, kisha wakampa Placide mkono wa pili, kwa sababu walikuwa wawili.

Siku moja walibaki peke yao.

"Vuai anasema tulipigana wawili," alisema Pitchou.

"Nimesikia."

"Nimemwambia ndiyo."

Placide alitazama sakafu. "Kwa nini umemwambia?"

"Ulitaka nimwambie nini? Kwamba kaka yangu aliruka ukuta?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma bei ya kitu. "Na yale uliyoniambia dukani, yabaki dukani. Watu wanakuja hapa wananiita mwanaume. Ukiwaambia Bisimwa alisema kimbia, mimi ni nani? Ni mjinga aliyetoa mkono wake kwa uongo wa sekyuriti."

"Pitchou, mdogo wangu."

"Wewe usiseme, na mimi sitasema."

Walikubaliana hivyo, bila kupeana mikono, maana mkono wa kupeana ulikuwa kwenye bandeji.

Mwezi wa Novemba vijana walitaka kumheshimu Pitchou, na wakaona hakuna heshima inayofaa kuliko kuonyesha ile ya soko la samaki. Placide alisema ana mafua. Wakasema watasubiri apone. Alisema diski imekwaruzwa. Mmoja akaleta nakala. Pitchou aliposikia alimtumia kaka yake ujumbe wa neno moja: Onyesha.

Chumba kilifurika, watu walisimama mpaka jikoni kwa mwenye mgahawa. Pitchou alikaa kiti cha mbele, suti ya kijivu, mkono wa kulia ndani ya mfuko. Placide alianza vibaya, halafu kazi ikamshika kama inavyomshika mtu aliyeizoea, akawachekesha, akawatisha, akaweka methali mpya mbili tatu. Waliofika siku ile walisema hajawahi kutafsiri vizuri vile. Ilipofika pale Bisimwa anamshika mdogo wake kola, yale maandishi madogo yakapita chini ya picha, meupe, yanasomeka: kimbia. Yeyote mle ndani anayejua Kiingereza angeyasoma kama angetaka. Pitchou aligeuka akamtazama kaka yake. Placide akalisema lile neno la mgongo. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Watu wakasimama, na wengine wakalia. Placide aliiacha filamu ijimalizie, akatoka nje kwa mlango wa jikoni kutafuta hewa, na pale kaunta ya mgahawa akamkuta Jeannine.

Jeannine siku hizo ndiye aliyekuwa akilisha nyumba. Alisuka nywele mjini kandokando ya barabara, kwenye kiti kidogo cha kukunja. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa dawa ya nywele, na kisigino cha kiatu kimoja kilikuwa kimeng'oka.

"Umelisema neno lile?" aliuliza.

"Nimesema."

"Wamesimama?"

"Wote."

Aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa habari za mvua. "Jana polisi wa metro walikuja kutufukuza. Nilikimbia na kiti kichwani, mteja wangu ananifuata, nusu kasukwa, tunacheka kama wenda wazimu. Tukajificha, tukarudi, nikammalizia." Akaweka pesa juu ya kaunta. "Ndiyo hii."

Mwenye mgahawa akampa sahani iliyofunikwa, fufu na sombe. Jeannine hakuichukua. Aliisukuma mbele ya Placide.

"Mpelekee mdogo wako. Mwambie kuanzia leo ale kwa mkono wa kushoto. Najua ni aibu, najua watu watamtazama. Lakini mimi nimechoka kumtilia tonge mdomoni kila jioni huku amefumba macho ili asinione."

Kule ndani bado walikuwa wakipiga viti chini. Placide aliichukua ile sahani kwa mikono miwili, akasimama nayo, chakula kikipoa.